Mama Alikuwa Bado Anasalimia

Kuna watu wanaoweza kukunyang'anya kaburi huku wakitabasamu, tena kwa maneno matamu, na ukitoka hapo ukajikuta umewashukuru. Mimi niliwaona kwa macho yangu. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha: sina huruma na mtu yeyote aliyekuwa ndani ya ukumbi ule, na wengine wao tulibatizwa siku moja.

Kwetu ni upande wa Elburgon, ukiacha barabara ya mashine za mbao na kuteremka mpaka kwenye kijito. Shamba si kubwa. Juu kuna nyumba ya mabati, zizi la ng'ombe na viazi. Chini, kando ya maji, kuna miti. Niseme vizuri: kulikuwa na miti. Baba alifanya kazi kwenye mashine ya mbao tangu ujana wake, na vidole alivyozikwa navyo havikuwa vyote. Mchana alipasua miti ya wenyewe, jioni akarudi na mche ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, akashuka nao kule chini kuupanda. Mitarakwa, podo, mizeituni ya porini. Majirani walikuwa wamelima mpaka ukingoni, kabeji zao zikilowa miguu, na walimcheka sana. Jirani wetu wa ng'ambo ya mpaka, mzee ambaye nitamtaja tena kwa sababu mpaka leo ananikera, alifyeka kila kitu chenye kivuli kwake, hata nguzo za ua akachomea mkaa. Alizoea kusimama kwenye waya na kumwambia baba, "Wewe panda tu. Miti ndiyo huita serikali." Baba aliendelea kuchimba mashimo.

Alizikwa chini ya mtarakwa wa kwanza aliopanda. Alipanga mwenyewe akiwa na akili zake timamu: kichwa kielekee shina, na upande wa kushoto mama aachiwe nafasi. Mama aliitunza nafasi ile kupita alivyotunza nyumba. Ng'ombe hakupita hapo. Kila Jumamosi alipafagia, kisha ufagio ukatundikwa kwenye tawi lile lile. Ukimuuliza anafanya nini, anakwambia, "Natandika," na anacheka. Baada ya baba kwenda, sikumsikia mama akitamani kitu kingine hapa duniani, si taa za stima, si tangi la maji, si kuja kukaa kwangu mjini. Alitaka kulala kushoto kwa mume wake. Basi.

Mimi nakaa Nakuru mjini, Section 58, na nauza kwenye duka la misumari na rangi. Mama alinipigia simu Jumapili akiwa bado ametoka kanisani. Tangazo lilikuwa limesomwa baada ya sadaka: kaunti imetengeneza mpango wake mkubwa wa ardhi, wa miaka mingi ijayo, unaoonyesha wapi patalimwa, wapi patajengwa na wapi patahifadhiwa, na wananchi wote wanaitwa waje wautazame na watoe maoni. Mama alifurahi kwa lile neno maoni. Alisema, "Njoo unisindikize. Tumeitwa." Niliomba ruhusa kazini na nikapanda gari kwenda nyumbani.

Ramani ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa, kubwa kuliko shuka la kitanda. Manjano ni mashamba. Nyekundu ni miji. Kijani ni uhifadhi. Watu walijazana hapo wakitafuta kwao huku wakisukumana, wengine wakicheka kwa sababu wamejiona ndani ya bwawa la mtu mwingine. Mama hajui kusoma ramani lakini anajua kijito. Alianza kwenye daraja, akapita shule, akafuata maji kwa kidole mpaka pale yanapokata kona, na kidole kikasimama kwenye kijani. Kwa jirani, hatua chache tu kutoka hapo, palikuwa pa manjano.

Alisimama hapo ofisa wa mipango, kijana mpole, shati limepigwa pasi. Mama alimuuliza ni nani aliyemwambia kwamba hapo ni msitu.

"Ni picha za kutoka angani, mama. Penye mimea ya shamba mtambo umesoma shamba, penye miti ukasoma msitu."

"Lakini hii miti ilipandwa na mume wangu."

"Hongereni sana," akasema. Na alimaanisha, ndicho kinachoniuma. Akaendelea kumweleza kwamba hakuna atakayemfukuza, hati ya shamba ni yake na itabaki yake, ila kwenye kijani hakulimwi, hakujengwi na hakuzikwi.

"Hakuzikwi?"

"Ni kwa sababu ya maji, mama. Kaburi karibu na maji si zuri kwa afya ya watu wa chini."

"Na yule ambaye amelala hapo?"

"Huyo aendelee tu. Waliopo hatujawakataza."

Ati aendelee tu. Alitoa ruhusa hiyo kama mtu anayekuruhusu kuegesha baiskeli. Mama aligusa tena ramani, pembeni kidogo ya pale kidole chake kilipokuwa, akasema kwa sauti ya chini, "Kushoto kwake ni hapa." Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu akamwambia, kama anayemwambia bibi yake, "Shosho songa, hata sisi tunataka kuona."

Tuliketi. Nikamshika mkono na kumfundisha. "Mama, ukipewa maikrofoni, neno la kwanza sema hapana. La pili sema kaburi. Mengine yote yafuate nyuma."

"Kabla sijasalimia watu?"

"Kabla."

Akanitazama mpaka nikaona haya. "Wewe nilikulea mimi?"

Mkutano ulianza kwa maombi. Kisha mwenyekiti akamkaribisha mgeni, mgeni akasalimia, akamtambulisha aliyeketi karibu naye, huyo naye akasimama na kumtambulisha mwenzake, na kila mmoja alituambia alivyofurahi kuwa Elburgon, hewa safi, viazi vizuri. Asubuhi yote iliishia hapo. Hakuna aliyetazama saa. Ilipofika zamu yetu sisi wenye mashamba, tukaambiwa muda umekwenda sana, kila mtu ana dakika mbili. Msichana mmoja wa kaunti aliweka simu yake mezani ili ikilia maikrofoni ichukuliwe. Alikuwa amechagua mlio wa jogoo.

Jirani alisema kabla ya mama. Alisimama na kofia yake mkononi, uso wote utakatifu, akasema uhifadhi ni kitu kizuri, babu zetu walihifadhi, na yeye binafsi anaunga mkono kijani kwa moyo wake wote. Mtu ambaye kwake hakuna hata kijiti cha kupigia nyoka. Alipigiwa makofi na akaketi jogoo hajalia.

Kisha mama. Alisimama taratibu, akakaza kitambaa chake cha kichwa, akaishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Bwana asifiwe."

Tukaitikia amen.

"Bwana asifiwe tena."

Amen. Akamsalimu chifu. Akamsalimu mchungaji na kumshukuru kwa kutupatia ukumbi. Akawasalimu wageni wa kaunti, akawapa pole ya safari ndefu, na kuwaambia wasione ubaya barabara yetu ni mbaya. Akawasalimu wazee, kina mama, vijana, na wale waliobaki nje kwa kukosa viti. Akajitambulisha: amezaliwa wapi, ameolewa wapi, ameokoka, ni mjane. Akamshukuru Mungu kwa mvua. Mimi nilikuwa nimekaa nimeuma meno, nikimtazama yule msichana na simu yake. Mama akaishukuru kaunti kwa kukumbuka miti, kwa maana hata mume wake aliipenda sana, na angekuwa hai angefurahi kuwaona. Hivyo ndivyo watu wetu wanavyoomba. Huwezi kumrukia mtu na shida yako hujamwekea kiti. Unamsafishia njia kwanza, halafu unapita na mzigo wako. Kila mtu mzima kwenye ukumbi ule alijua kwamba mama bado hajaanza, na kwamba anakaribia.

"Sasa, watoto wangu," akasema, "nina neno dogo."

Jogoo akawika.

Ukumbi ulicheka. Si kicheko cha ubaya, watasema, ni ile tu simu ilivyolia. Mimi nilikisikia chote na nikajua anayechekwa ni nani. Maikrofoni ilitolewa mikononi mwake, na mwenyekiti akasema, "Asante sana shosho kwa shukrani hizo. Huyu ndiye mama wa mfano. Mpeni makofi ya kilo." Wakampa, yale ya kupimwa, ya pamoja, ya kumalizia na moja zito. Mama aliinamisha kichwa kuwashukuru. Alipoketi alinigeukia na kuniuliza, "Mbona wamenipigia makofi? Sijasema."

Nilisimama bila kuitwa. Nikasema huyu ni mama yangu na alikuwa na jambo. Mwenyekiti akaniuliza ninakaa wapi. Nikasema Nakuru, Section 58. Akasema kwa upole kwamba leo ni siku ya wakazi wa wadi hii, watu wa mjini wana siku yao. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Si uende uongee huko kwa maflati," na wakacheka tena. Huyo niliketi naye dawati moja darasa la tatu. Nilimtazama na akatazama dari.

Baadaye kulikuwa na soda na mkate. Hapo ndipo ukumbi ulipochangamka kweli. Jirani alikuja na chupa mbili, moja akampa mama, akaketi karibu nasi akishushia mkate wake. "Nilimwambia mzee wako," akasema. "Nilimwambia mpaka nikachoka." Mama alimshukuru kwa soda.

Njiani kurudi nyumbani hasira ilinipanda na sikuwa na mwingine wa kumwagia. Nikamwambia mama amewapa kaburi lake kwa adabu. Nikamwambia wale watu walisalimiana asubuhi nzima kwa sababu ni wenyewe, na sisi si wenyewe.

"Nilikuwa bado nasalimia," akasema.

"Ndiyo, mama. Hilo ndilo wameandika."

Na kweli ndilo waliloandika. Niliporudi mjini nilipeleka malalamiko kwenye ofisi ya mipango ya kaunti, nimeyaandika vizuri, kaburi kwenye mstari wa kwanza. Mwanamke wa dirishani aliyasoma akasema maoni ya wadi yetu yalishapokelewa, na kwamba mwenye shamba hilo mwenyewe aliunga mkono mbele ya watu. "Hata walimpigia makofi," akaniambia, ili nifurahi.

Nilimweleza mama kwa simu. Akauliza ng'ombe wa jirani yangu wa mjini wanaendeleaje. Sina jirani mwenye ng'ombe. Nikajua anatafuta tu cha kusema.

Haukupita muda mrefu chifu akampelekea habari: wale wageni wa kaunti wanakuja kumtembelea. Wamempenda tangu siku ile. Wanataka kuliona shamba la mama wa mfano na kulionyesha kwa wengine. Mama alinipigia akanitajia siku yenyewe, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu mwenye kazi. Alisema, "Wakija wakute shamba, si watapaka shamba? Kwa jirani walikuta shamba."

Sikumwelewa. Ningeelewa ningeomba ruhusa siku hiyo hiyo.

Nilifika asubuhi ya ziara yao. Nikiwa bado juu barabarani nilisikia harufu ya mtarakwa uliokatwa. Mtu wa Elburgon haikosei. Kwangu mimi harufu hiyo ni koti la baba likining'inia nyuma ya mlango, na kwa dakika moja ya kijinga moyo wangu ulifurahi, kana kwamba amerudi kutoka kazini. Kisha nikaona kijito. Sikuwahi kukiona nikiwa pale juu, miti haikuniruhusu. Sasa kilikuwa wazi mpaka kona, chembamba, cha matope, na pande zote mbili ni visiki vyeupe.

Jirani alikuwa kwenye mkokoteni wake wa trekta na vijana wake, wanapakia. Ule msumeno wa mafuta, ule tunaouita pawaso, ulikuwa wake, kazi ilikuwa yake, na magogo ndiyo yaliyokuwa malipo. Alinipungia mkono. Nilimwambia neno ambalo sitaliandika hapa kwa sababu mama anaweza kusomewa.

Mama alikuwa jikoni anapika chai kwenye sufuria kubwa ya sherehe. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisa. Nilimuuliza alichofanya na akaniambia nimeona mwenyewe, nina macho.

"Hata ule wa baba?"

"Ule ndio ulianza. Ningeuacha wa mwisho ningeshindwa."

Nikalia, sikuona haya. Nikamuuliza kama alifikiria baba angesema nini, miaka yote ile ya mikebe na miche. Akaniambia nishike vikombe. Halafu, akiwa amenipa mgongo, akasema, "Baba yako hana haja na kivuli. Ana haja na mtu."

Wageni walikuja na gari mbili. Yule kijana wa mipango alishuka kwanza, buti safi, akafuatwa na mwenye kamera na wengine. Walifika penye ukingo wa viazi wakasimama. Mwenye kamera aliishusha. Kijana alimkimbilia mama akamshika mabega, macho yamemtoka.

"Shosho, ni nani amekufanyia hivi?"

Mama alijifuta mikono. "Bwana asifiwe," akasema. Wakaitikia mmoja mmoja. Akawapokea. Akawapa pole ya safari na ya barabara. Akawashukuru kwa kumkumbuka mwanamke mjane. Akamshukuru Mungu kwa jua. Siku hiyo hapakuwa na jogoo, na alisema yote, moja baada ya lingine, mpaka akafika mwisho wa shukrani na kupita.

"Sasa neno langu lilikuwa hili," akasema. "Nimekata mwenyewe. Hapa sasa ni shamba. Naomba mnipake ile rangi ya jirani, ili siku yangu ikifika watoto wanilaze kushoto kwa mume wangu. Ni hilo tu."

Kijana alivua kofia. Naamini alihuzunika, na huzuni yake haikunisaidia kitu. Alimweleza taratibu, kama unavyomweleza mgonjwa. Ramani ilishapita hatua hiyo. Na hata isingepita, mahali palipokuwa msitu pakakatwa hapageuki kuwa shamba, panaandikwa pa kurudishiwa miti. Kijani kinabaki kile kile, kinaongezwa mistari tu.

"Na kuzika?" mama akauliza.

"Hapo sasa ndiyo hapana kabisa, shosho. Hapo pasichimbwe hata kidogo mpaka miti irudi."

Nikamwonyesha mkokoteni wa trekta na yule aliyekuwa juu yake. "Na huyo je? Huyo si alifyeka mpaka majini?"

"Yule alikata zamani, madam," akasema. "Huyu amekata jana."

Jirani alikuwa ameacha kupakia ili asikie vizuri.

Mama aliniambia nilete chai. Nikamwambia sitawaletea hawa watu hata maji. Akaniambia tena, kwa sauti ile ile, kwamba wageni wamesimama juani. Nikaleta. Viti havikutosha, kwa hiyo walishuka na vikombe vyao wakatawanyika kwenye visiki, wakiongea polepole, wakipuliza chai. Yule kijana alichagua kile cha kichwani kwa baba, kwa sababu ndicho kilichokuwa kipana. Miguu yake, na zile buti zake, akaiweka upande wa kushoto, mahali palipofagiwa na mama.

Nilianza kumwendea. Mama akanishika mkono, akaichukua birika kwangu, akashuka mwenyewe, akamuuliza kama sukari imetosha.